Bibi Aliyekuwa Mzuka wa Krismasi

Watoto wote waliopita katika shule ndogo ya Gadney, pale kwenye pwani ya vinamasi vya Norfolk, wangekula kiapo kwamba hapana mtu mpole kuliko Bi Enid Larter. Alikuwa mpishi wa shule. Mfupi, mnene wa kiasi, mashavu mekundu kwa mvuke wa masufuria, na mikono mizito ambayo haikujua kupakua chakula kidogo. Ukimwaga supu yako alikuongezea nyingine kabla hujaanza kulia. Ukikataa karoti hakukugombeza, alikuangalia tu kwa huruma hadi ukazila mwenyewe kwa aibu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeitia baridi Uingereza nzima, kutoka pembe hadi pembe, mkesha wa Krismasi wa mwaka sabini na tatu.

Sisi watu wa kisiwa hiki tuna wazimu wetu, na sioni sababu ya kuuficha. Wengine Krismasi yao ni nyimbo na ngoma. Yetu ni kula mpaka mkanda ugome, kisha kuzima taa na kukaa kimya ili tutishwe. Zamani alikuwa babu karibu na moto akisimulia habari za wafu wasiotulia. Ilipoingia televisheni, kazi ya babu ikachukuliwa na televisheni, na miaka ile kila mkesha ilionyeshwa filamu moja fupi ya mzuka. Na mzuka wa mkesha ana adabu zake. Harukiruki wala hana damu mdomoni. Anasimama tu, mbali, mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuwa na mtu, na anakutazama. Basi. Hivyo tu, na wewe kesho yake huthubutu kwenda kuchukua makaa bandani peke yako.

Oktoba ya mwaka ule watu wa televisheni walifika Gadney na magari yao, wakapiga kambi karibu na tuta refu linalozuia bahari isiingie mashambani. Walikuwa na kila kitu isipokuwa mzuka. Mwigizaji waliyemleta kutoka London alikuwa amekula chaza wabovu na hakuweza kwenda mbali na choo. Wakamtuma msichana mmoja wa kazi zao, Fenella, mwenye buti ndefu na sauti ya kitajiri, atafute mwanamke yeyote wa kijijini. Akaingia jikoni kwa Bi Enid saa ya kuosha vyombo.

“Samahani sana, mama. Unaweza kusimama?”

“Kusimama?” Bi Enid akajifuta mikono. “Mwanangu, nimesimama tangu vita viishe. Ni kukaa ndiko nisikokujua.”

Wakamvika gauni jeusi refu na mtandio mweusi, wakampaka usoni kitu cha rangi ya unga, wakampeleka juu ya tuta, mbali kabisa na kamera. Fenella akamwambia asimame pale, mikono chini, asitikisike mpaka atakapopungiwa kitambaa cheupe. Bi Enid akasema sawa. Wakapiga picha zao, ukungu ukaingia kutoka baharini, wakashindwa kuona kitu, wakaenda zao kunywa chai. Na huko kwenye chai, katikati ya vipai, vile vimkate vyenye matunda ndani, na porojo, wakamsahau.

Mtu mwingine angeshuka. Angepiga kelele, angetukana, angekwenda nyumbani na gauni lao. Lakini Bi Enid alilelewa na watu ambao kwao kumsumbua mtu aliye kazini ilikuwa dhambi karibu sawa na wizi. Aliambiwa asimame, akasimama. Miguu ikafa ganzi. Pua ikamchuruzika, akaiacha ichuruzike. Akawaza iwapo soseji alizoagiza zitatosha Jumatatu, maana darasa la wadogo walikuwa na mgeni. Ukungu ulipopasuka ghafla, mpiga picha aliyekuwa anafunga vifaa vyake aliinua macho akaona kule mbali, juu ya tuta tupu, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi peke yake, kimya, amemwelekezea uso. Alisema baadaye kwamba roho ilitaka kumtoka. Mkono wake ukaiwasha kamera kwa mazoea tu. Kipande kile ndicho kilichokuja kuwa filamu yenyewe. Vingine vyote vilikuwa ni kusindikiza.

Fenella alikuja mbio kwenye tuta karibu analia. “Mama wee! Mama, tusamehe! Tumekusahau!”

“Wala usijali, mpenzi,” alisema Bi Enid huku meno yakigongana. “Nilikuwa napunga upepo.”

Jambo hili hakumwambia mtu. Alilitunza kama zawadi, kwa sababu alijua nani wa kumfungulia.

Bi Enid alikuwa na mtoto mmoja, Colin, aliyekuwa dereva wa lori kule Norwich. Mke wa Colin alifariki wakati mtoto wao Rosalind ana miaka mitano. Sasa Rosalind alikuwa na saba, na Colin alikuwa amepata kazi nzuri kwenye mitambo ya gesi katikati ya bahari, ya kuondoka wiki mbili na kurudi wiki mbili, kuanzia Januari. Mtoto hawezi kulala peke yake nyumbani wiki mbili. Ama angekuja kuishi Gadney kwa bibi yake, ama angekwenda Coventry kwa Beryl, dada wa marehemu mama yake, mwanamke mwema mwenye nyumba kubwa na watoto watatu wa kuchezea. Coventry iko upande mwingine wa nchi. Huko, Bi Enid angemwona mjukuu wake Pasaka kwa Pasaka, akikua kwa kurukaruka kama mtoto wa kwenye picha za kila mwaka.

“Tutakuja Krismasi, mama,” Colin alimwambia kwa simu. “Aone kama atapazoea. Sitamlazimisha, unajua alivyoteseka. Akipakataa, basi, itakuwa kwa Beryl.”

“Kama unaona inafaa,” alisema Bi Enid.

Akaweka simu chini taratibu, akakaa kwenye ngazi, akalia mpaka aproni ikalowa. Tangu mumewe Stanley afariki alikuwa anakula chakula cha jioni akiwa amesimama jikoni, kwa sababu meza ilikuwa kubwa mno. Alimtaka mtoto yule aje kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini kusema “namtaka” kulimshinda. Kwao neno kama hilo lilikuwa kama kutoka nje bila sketi.

Wakaja asubuhi ya mkesha. Na mwanzo, niseme kweli, ulikuwa mwanzo mwema. Rosalind alikuwa mtoto wa macho makubwa na maswali mengi, kapotea ndani ya koti jekundu lililomzidi. Akasaidia kukata unga wa vipai. Akaimba wimbo wa shuleni wote, beti zote, na alipokosea akaanza upya. Mchana jino lake lililokuwa likicheza likang'oka kwenye tofaa, akampa bibi yake amwekee. Colin akamkonyeza mama yake. Bi Enid akageuka upesi kutazama bata mzinga, maana uso ulikuwa unataka kumsaliti.

Jioni mtoto akapelekwa kitandani, akaambiwa Baba Krismasi hafiki kwa watoto walio macho. Akaja Percy Gedge, jirani, mzee kapera mpiga kengele za kanisa, na chupa yake ya sheri, divai kali yenye utamu, chini ya kwapa.

“Taa zimezimwa?” aliuliza Percy akiwa bado mlangoni. “Mimi siogopi kwenye mwanga. Nikitishwa nataka nitishwe sawasawa.”

Wakakaa watatu gizani, moto ukiwamulika magoti. Filamu ikaanza. Bwana mmoja msomi, mkavu, mwenye majivuno, amekuja pwani kuchimbua vitu vya wafu ambavyo angeviacha vilivyo. Anatembea juu ya tuta na fimbo yake. Upepo unapiga majani. Hakuna muziki. Anasimama, anatazama nyuma, hakuna mtu. Anatembea. Anatazama nyuma. Hakuna mtu. Anatembea tena, na safari hii hatazami nyuma, lakini sisi tunaotazama tunaona: ukungu unafunguka, na kule mbali, juu ya tuta, yupo.

Percy akamwaga sheri kwenye suruali. Colin, mwanamume wa kuendesha lori usiku kucha, akajikuta amemshika mama yake mkono.

Bi Enid akashindwa kujizuia. Wiki zote zile alikuwa amejibana, na sasa ulimi ukamponyoka. “Ni mimi!” akapiga ukelele. “Yule ni mimi! Colin, yule pale ni mimi!”

Kutoka kwenye ngazi ikasikika sauti ndogo, kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Rosalind alikuwa amekaa pale muda wote, katika nguo zake za kulalia, uso katikati ya nguzo za ngazi. Alishuka kumwona Baba Krismasi. Alichokiona ni kile kitu, na kile kitu kimeambiwa ni bibi yake.

Asubuhi ya Krismasi mtoto alikuja mezani amemshika baba yake shati.

“Baba,” alinong'ona kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka barabarani, “bibi alikufa lini?”

“Hajafa, mwanangu. Si huyu hapa?”

“Mbona kwenye televisheni alikuwa amekufa?”

“Alikuwa anaigiza. Ni mchezo tu.”

Rosalind akamtazama bibi yake kwa muda mrefu. “Ndivyo mzuka angekwambia,” akasema.

Ikawa siku ndefu. Sahani iliyopakuliwa na Bi Enid haikuguswa, hadi Colin alipoichukua akajifanya kuipakua upya. Bi Enid akivuka chumba, mtoto anahama kiti. Bi Enid akajaribu kutabasamu, akatabasamu kwa moyo wote, na Rosalind akasema kwa heshima, “Tafadhali bibi, usinitabasamie.” Bi Enid akakunja tabasamu lake akalirudisha alikolitoa.

Percy, aliyealikwa chakula na kukaa na taji la karatasi ya kijani kichwani, desturi ya sikukuu yetu, akajaribu kuokoa jahazi. “Sikiliza, Rosalind. Mimi nimemjua bibi yako maisha yangu yote. Huyu hata kuku hamtishi.”

“Na huyu bata mzinga,” aliuliza Rosalind akiangalia mifupa katikati ya meza, “alikufa vipi?”

Colin akacheka, akajuta kucheka. Bi Enid akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Jioni Colin akamfuata huko. Bi Enid alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

“Mama, sijui niseme nini. Amelala na taa, na ameniambia nilale mlangoni. Sikukuu zikiisha nitampigia Beryl.” Akajikuna shingo. “Si kosa lako.”

“Kama unaona inafaa,” alisema Bi Enid, akiiambia sufuria.

Colin alipopanda juu, Percy akachungulia kutoka sebuleni. Alikuwa amesikia kila kitu, na sheri ilikuwa imemlegeza adabu.

“Wewe na ‘kama unaona inafaa’ yako! Kwani huna lingine la kusema?”

“Nilazimishe watu?”

“Nani kakwambia ulazimishe? Sema tu! Hata mimi nisingejua unamtaka mtoto kama nisingekuwa nasikia unavyomuimbia yule paka wako.”

“Nenda ukalale, Percy.”

“Naenda. Lakini ukweli ndio huo.” Akaenda, taji bado kichwani.

Siku ya pili ya Krismasi hakuna mtu wa Gadney anayekaa ndani. Mvua inyeshe, theluji ianguke, mguu ukuume, lazima utoke ukatembee juu ya tuta kupunguza pudini iliyojaa tumboni. Ni sheria isiyoandikwa. Colin na Rosalind wakatoka kwanza. Bi Enid akabaki nyuma kufunga vifungo vya koti lake, lile jeusi la kanisani, kwa sababu la kila siku alikuwa amelifua. Akajifunga na skafu, nayo nyeusi. Hakuwaza chochote juu ya weusi huo. Alichokuwa anawaza ni mtoto. Alijiambia: nisimkaribie, maskini. Nimwachie nafasi. Nitatembea nyuma, mbali kabisa, hata asijue kama nipo, na akigeuka nitasimama nisimshtue.

Mnaona mambo hayo. Ni sisi tu watu wa huku tunaoweza kufanya kosa kama lile, tena kwa nia njema. Tukimpenda mtu tunajiweka mbali naye ili tusimsumbue, kisha tunashangaa akiona tuna baridi. Bi Enid akapanda tuta. Ukungu ulikuwa mwembamba, mweupe, umelala juu ya vinamasi. Mbele aliona koti jekundu dogo pembeni ya koti kubwa la kijivu. Akatembea taratibu. Koti jekundu likageuka. Bi Enid akasimama, mikono chini.

Koti jekundu likatembea tena, upesi zaidi. Akatembea. Likageuka. Akasimama.

“Baba!” Sauti ikaja juu ya matope, nyembamba na kali. “Baba, tukisimama anasimama!”

Halafu ukaja mlio ambao Bi Enid hakuwahi kumsikia mtoto akitoa, hata yule wa darasa la wadogo aliyefinywa vidole na mlango. Ndipo akajiona. Alijiona kama alivyoonekana kutoka kule: kitu cheusi juu ya tuta, kimya, mbali. Ikamwingia mara moja kwamba si lile gauni, wala ule unga wa usoni. Ni ule umbali. Mtu yeyote, hata mpishi wa shule, akisimama mbali na wewe bila kusema neno, ni mzuka.

Akajisemea, “Enid, mjinga we,” na akaanza kukimbia.

Hakuwa amekimbia tangu siku ya harusi ya Colin, alipokimbiza keki. Akakimbia mikono ikipunga, skafu ikimfuata nyuma, gambuti zikimpiga kwenye miguu. “Rosalind! Rosalind we! Ningojee! Nimechoka kukaa huku nyuma!” Mtoto akajificha nyuma ya miguu ya baba yake. Colin akabaki mdomo wazi, maana tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama yake akipiga kelele nje ya nyumba. Bi Enid alikuwa amewakaribia kabisa pale alipokanyaga majani yenye maji. Mguu ukateleza. Akashuka ubavu wa tuta kwa makalio, akaingia kwenye matope ya kinamasi hadi magotini.

“Ala! Matope ya kishetani haya!” ikasikika kutoka chini. Na baada ya hayo yakaja maneno mengine matatu ambayo mpishi wa shule hatarajiwi kuyajua, ingawa kila mpishi wa shule anayajua. “Gambuti langu! Gambuti langu limenaswa! Colin, usisimame hapo kama mlingoti, njoo univute!”

Kichwa kidogo kikachungulia kutoka nyuma ya koti la kijivu.

“Baba,” akasema Rosalind, “mzuka hukwama?”

Colin akafikiri. “Sijapata kusikia.”

“Hutukana?”

“Hapana. Mzuka huwa kimya.”

Rosalind akashuka hatua moja. Akashuka nyingine. Bi Enid alikuwa amepakaa matope mpaka kidevuni, nywele zimemwangukia usoni, anahema kama mashine mbovu. Wakatazamana.

“Bibi,” akasema Rosalind kwa uangalifu, “nikuvute?”

“Ukinivuta nitashukuru.”

Colin akashika mkono mmoja, Rosalind akashika mwingine kwa mikono yake yote miwili. Wakavuta. Matope yakang'ang'ania, kisha yakaachia kwa sauti moja chafu, ya aina ile ambayo watoto wa miaka saba wanaiona kuwa ndiyo kichekesho kikubwa kupita vyote. Rosalind akaanguka kwa kishindo. Bi Enid akatoka na soksi, bila gambuti. Mtoto akaiangalia soksi, akamwangalia bibi yake, akaanza kucheka. Bi Enid naye akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kucheka akagundua kwamba analia pia, na kwamba safari hii haendi jikoni kujificha.

“Rosalind, mjukuu wangu,” akasema, pale pale amekaa kwenye majani yaliyolowa. “Nilikaa nyuma nikidhani nakufanyia wema. Nimekosea. Mimi sitaki kuwa mbali na wewe. Nakutaka hapa. Nataka ukae na mimi, ule chakula changu, uniulize maswali yako mpaka kichwa kiniume. Ukienda Coventry nitalia. Sikulazimishi. Nakwambia tu, ujue.”

Colin akageuka akatazama bahari, akajishughulisha sana na pua yake.

Rosalind alikuwa bado anafikiri mambo yake. “Ulipokuwa mzuka,” akauliza, “ulikuwa unawaza nini?”

“Soseji.”

“Soseji?”

“Kama zitatosha Jumatatu. Walinisahau pale, mwenzangu. Wakaenda kunywa chai.”

“Walikusahau!” Macho yakamtoka. “Kwa nini hukuwaita?”

“Sikutaka kusumbua watu.”

“Mimi ningepiga kelele!” akasema Rosalind kwa hasira ya kweli, hasira ya kumtetea mtu wake. “Ningepiga kelele mpaka waje! Unaacha mtu kwenye baridi?”

“Ndiyo maana wewe una akili kunishinda,” alisema Bi Enid.

Colin akalifukua gambuti, akamwaga matope. Walikuwa wanajiandaa kurudi pale Rosalind aliposema, kwa sauti ya mwongozaji wa filamu, kwamba bado hawajamaliza. Sasa ni zamu yake. Bibi atembee, asigeuke mpaka asikie wito, na yeye atakuwa mzuka. “Na uogope kweli,” akaonya, “usiogope kama watu wazima wanavyoogopaga.”

Bi Enid akatembea, gambuti likilia maji. Nyuma yake miguu midogo ikakimbia ikienda mbali, mbali zaidi, ikanyamaza. Akasikia wito. Akageuka.

Kule nyuma, juu ya tuta, ndani ya ukungu, koti jekundu lilikuwa limesimama peke yake. Mikono chini. Hata halitikisiki. Dogo vile, mbali vile. Bi Enid aligeuka akiwa amejiandaa kujifanya anaogopa, na akakuta hana haja ya kujifanya. Aliona Januari yote pale, na Februari, na Pasaka kwa Pasaka, mtoto amesimama mbali hivyo hivyo kila mwaka.

“Rosalind!” akaita. “Njoo!”

“Mzuka haitwi!” likajibu koti jekundu.

“Basi nakuja mimi!”

Akaenda, anachechemea, na mzuka ukajikaza usicheke, ukajikaza, hadi Bi Enid alipofika akaukumbatia wote, koti na kila kitu, akaupaka matope.

“Umeogopa?” sauti ikauliza ndani ya koti lake.

“Nimeogopa.”

“Kweli kweli? Hunidanganyi?”

“Kweli kabisa, mwanangu.”

Rosalind akajitoa kidogo, akamchunguza usoni ili ahakikishe. Alichokiona pale hakumwambia mtu, lakini alimshika mkono akamwongoza mpaka nyumbani, akimwambia mahali penye kuteleza.

Sikukuu zilipoisha, Colin hakujua bado la kufanya. Akapiga simu Coventry hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Beryl akauliza hali, akauliza mtoto atakuja lini, chumba kiko tayari. Colin akaguna, akasema hili, akasema lile. Rosalind, aliyekuwa mezani anakula yai, akashuka kitini, akavuka chumba, akamnyang'anya baba yake simu kwa mikono yenye kiini cha yai.

“Mama mdogo Beryl? Ni mimi. Asante kwa chumba. Lakini siwezi kuja.” Akapunguza sauti, ile sauti yake inayosikika mpaka barabarani. “Ni huyu bibi. Anaogopa kukaa peke yake.”

Bi Enid alikuwa ameshika birika. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu kwamba yeye hana neno, wasihangaike, yuko salama. Colin akamtazama akingoja aseme hivyo hivyo. Akaweka birika chini.

“Mwambie ni kweli,” akasema.